Nyuki wa Uzi wa Tatu

Wenzake kwenye bendi walimwita Msumeno, na hakuchukia. Magitaa aliyoyakata, kuyatoboa na kuyagundisha upya hayakuwa na idadi. Ukimletea gitaa jipya linalong'aa, hakulisifu hata kwa adabu, alisema tu, "Haya, tulifungue tuone." Kwake mbao ilikuwa mbao. Sauti ndiyo bosi, na bosi akitaka tundu, apewe tundu.

Kaka yake alipofariki, gitaa la marehemu lilibaki likining'inia msumarini, sebuleni kwa mama yao. Miezi mitano hakuna aliyeligusa. Kisha mama akamwita. Masikio yake yalikuwa yanaziba, na daktari alishamwambia hakuna dawa.

"Nataka kumsikia kaka yako mara moja tu," alisema, "kabla sijawa kiziwi kabisa."

Msumeno akalipeleka karakana. Uzi wa tatu ulikuwa unavuma vibaya. Kijipande cha mfupa kinachobeba nyuzi juu ya shingo kilikuwa kimelika, uzi ukazama mpaka ukagusa chuma cha kwanza cha shingoni. Kazi ndogo hiyo. Akaking'oa, akachonga kingine, na kile cha zamani akakifagia pamoja na vumbi la mbao. Asubuhi hiyohiyo lori la taka likapita.

Jioni akampigia mama wimbo ambao kaka yake alikuwa akiurudiarudia palepale sebuleni. Gitaa lililia safi kabisa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kiganja sikioni, kisha akakishusha.

"Umepiga vizuri, mwanangu. Lakini huyo ni wewe."

"Gitaa ni lake, mama. Nimelitengeneza tu. Lilikuwa na mlio mbaya."

"Nyuki wake umewapeleka wapi?"

Hapo Msumeno akakumbuka. Miaka yote mama alifoka kutoka jikoni kwamba gitaa lile lina nyuki, na kaka alicheka tu, akaendelea kupiga. Aibu ilimchoma. Maisha yake yote amekimbiza sauti, na hii moja aliyoombwa ameifagia kwa mikono yake mwenyewe.

Akatoa tupa nyembamba mfukoni, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama, akaanza kuusugua mfereji wa uzi wa tatu kwenye kile kijipande kipya. Anasugua mara mbili, anapiga. Bado. Mara mbili tena. Angezidisha kidogo, uzi ungekufa, aanze upya, na mama kila siku aliamka amepoteza sauti nyingine: juzi saa ya ukutani, jana bomba la maji. Hajawahi kuiogopa tupa. Leo aliiogopa.

Uzi ukavuma.

Akaanza wimbo upya. Mama akafumba macho, akatulia. Katikati ya wimbo akafoka kwa sauti ileile ya jikoni:

"Wee! Punguza hao nyuki, unanipasua kichwa!"

Machozi yalikuwa yanamtoka Msumeno. Akacheka, kama kaka yake alivyokuwa akicheka, na hakupunguza kitu.