Boof Achague Mwenyewe

Kerryn, mdogo wangu, ana bahati ya kukera. Baba alipokuwa hoi kitandani, mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha supu, nikafua mashuka yake. Kerryn alikuwa akija Jumapili kutoka mjini Mildura na keki ya dukani, na mzee akimtazama kama aliyeletewa mvua. Mimi aliniambia supu haina chumvi.

Alipofariki nikaachiwa pikapu yake. Kerryn akasema yeye hataki kitu, ila Boof tu, yule mbwa wa kuchungia kondoo aliyekuwa halali mpaka asikie mzee akikohoa. Eti "tu"! Katika nyumba nzima aliona kitu kimoja chenye roho, akakitaka hichohicho. Na mimi nilimtaka Boof kuliko shamba lenyewe. Tulivutana kwenye simu mpaka mume wangu, Lindsay, akachoka kutusikiliza.

"Egesheni pikapu zenu uani Jumamosi," akasema. "Boof achague mwenyewe. Atakayepandiwa pikapu yake, ndiye mwenye mbwa."

Huku kwetu mbwa hupanda nyuma ya pikapu ya mtu wake, hapandi ya mwingine. Sote wawili tulikubali.

Basi nikatoka nikaitazama pikapu ya baba. Jua la huku kwetu Ouyen lilikuwa limeila. Bampa, madigadi, vishikio vya milango, plastiki zote zilizokuwa nyeusi zilikuwa zimepauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Nyuma ndiyo usiseme. Ile plastiki nzito inayotandikwa kwenye bodi ilijaa mikwaruzo, damu ya kondoo na mavi makavu, na juu yake kulikuwa na gunia kuukuu la sufu lililokakamaa kwa uchafu. Pikapu ya Kerryn naijua. Ni mpya, nyeusi tititi, na kwenye bampa lake unaweza kujitazama ukachana nywele. Roho iliniuma.

Ijumaa asubuhi nikaanza kazi. Gunia nikalitupa nyuma ya banda. Nikamwaga sabuni ya kuondoa grisi, nikasugua kwa brashi ngumu mpaka maji yakatoka safi, maana vumbi likibaki kwenye vinyweleo vya plastiki, dawa ya kurudisha weusi haishiki. Nikaiacha ikauke kabisa kivulini, kisha nikapaka dawa kwa sponji, kidogo kidogo, nikifuta ziada kwa kitambaa. Weusi ukarudi mbele ya macho yangu. Nusura niimbe.

Lindsay akatoka na kikombe chake cha chai. "Unaipeleka harusini hiyo?"

"Niache."

"Raelene, mbwa hana habari na bampa."

"Sipaki mbwa aone. Napaka Kerryn aone."

"Haya, mama. Usije ukanipaka na mimi."

"Wewe umepauka mpaka ndani. Dawa haitatosha."

Chupa ya dawa ilikuwa imebaki nusu. Nikaimimina yote nyuma kwenye bodi, nikaitandaza, wala sikufuta. Iling'aa kwa namna ambayo pikapu ya Kerryn haijawahi kung'aa tangu inunuliwe.

Jumamosi Kerryn akafika, nami sikuamini macho yangu. Pikapu yake ilikuwa na tope hadi madirishani. Hata kuiosha hakuiosha! Ndivyo anavyojiamini. Akaizunguka ya baba, mkono mdomoni.

"Dada! Umeifanyaje? Kama ndiyo kwanza inatoka dukani!"

"Nimeipangusa tu kidogo," nikasema. Moyoni nikamwambia, haya, imeze hiyo.

Lindsay akamfungua Boof. Pikapu ya Kerryn hakuitazama hata mara moja. Alikuja mbio moja kwa moja kwenye ya baba, masikio yamelala nyuma, akaruka. Nikageuka nimwone Kerryn anavyosawijika.

Nikasikia kishindo. Boof alikuwa ametua, miguu yote ikamponyoka, akateleza mpaka akajigonga ubavu kwenye bodi. Akasimama, akateleza tena. Akanusa kona hii, akanusa kona ile, akilia kwa sauti nyembamba. Alikuwa anamtafuta mzee, na mzee nilikuwa nimemsugua kwa brashi nikammwaga mferejini. Akashuka. Hakuja kwangu, hakwenda kwa Kerryn, akapotelea nyuma ya banda.

Tukamfuata. Tulimkuta amelala juu ya lile gunia, pua ameizamisha ndani.

Nilingoja Kerryn alichukue gunia akaliweke kwenye pikapu yake. Mimi ningefanya hivyo, bila haya.

"Alishakuchagua wewe, dada," akasema. "Sote tumeona."

Akainama na sketi yake ya mjini, akalikumbatia gunia lile pamoja na mavi yake, Boof nyuma yake. Akaenda kulitandika juu ya plastiki yangu inayong'aa, akalibonyeza kwa viganja lisiteleze. Boof akaruka, akajizungusha, akalala, akashusha pumzi.

"Haya, umeshinda," Lindsay akaninong'oneza.

Kerryn alisimama akifuta mikono kwenye sketi, anacheka huku machozi yanamtoka. Mbwa nilikuwa nimempata. Lakini sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye dakika ile, kwa sababu jambo lile lilinipasa mimi niliye mkubwa, na lisingenijia akilini hata kwa mwaka. Badala ya asante, nikamwambia akaoshe pikapu yake, inatia aibu.