Picha Iliyomkata Manju Miguu

"Amekatwa miguu!" Magese mpiga ngoma alipiga ukelele, kidole chake kimegusa kioo cha kamera ya Milembe. "Njooni muone! Manju wetu amekatwa miguu!"

Ngoma zikakoma. Uwanja mzima wa Nkololo, kundi la Bagalu upande huu na mahasimu wao wa ngoma, Bagika, upande ule, ukageuza shingo. Milembe aliikumbatia kamera kifuani, lakini alikwisha kuchelewa. Walio karibu walikuwa wameona: Luhaga, baba yake mzazi, manju anayeongoza ngoma ya Bagalu, kuanzia kiunoni kwenda juu anang'aa kama kapakwa samli, manyoya ya mbuni kichwani, jembe lake la kuchezea ngoma limeganda angani. Kuanzia kiunoni kwenda chini, weusi. Mstari wenyewe umenyooka utafikiri umepigwa kwa rula.

"Ni mitambo tu!" Milembe akafoka. "Acheni ushamba!"

Neno hilo lilikuwa petroli. Waliokuwa wakinong'ona wakapaza sauti.

"Bagika wamemtuma!"

"Sisi?" mama mmoja wa Bagika akajibu kutoka ng'ambo, mikono kiunoni. "Sisi tunachinja majogoo, hatuchinji wazee!"

Kicheko kikavuka uwanja, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Milembe kuliko matusi.

Yeye alitaka kitu kimoja tu. Leo baba yake anacheza kwa mara ya mwisho, kisha jembe la umanju anapewa mwingine. Na katika picha zote alizopigwa tangu ujana wake, Luhaga hana uso. Ngoma huchezwa jua likiwa utosini, na chini ya yale manyoya uso hugeuka shimo jeusi, na jembe likirushwa hutoka kama moshi. Milembe ana studio yake Bariadi mjini, anapiga harusi za watu wasiomhusu. Alitaka picha moja ya baba yake, jembe limesimama hewani na uso unaonekana. Basi. Ndiyo maana alisimika flashi juu ya mti, mbali na kamera, bila waya, ikisubiri kuamriwa na triga, kidude kilichokaa juu ya kamera. Akaiwekea kamera spidi kali ya kulikamata jembe, akaibana isile jua ili flashi pekee imulike.

Kosa alilijua, na kulijua huko kulizidi kumkasirisha. Asubuhi alibadili betri za triga, ikajirudia kwenye hali ya kawaida, naye hakuangalia. Kwa spidi ile, pazia la ndani ya kamera halifunguki lote kwa mara moja, hupita kama ufa mwembamba. Flashi ikilipuka mara moja tu, inamulika pale ilipokuta ufa, kwingine giza. Inatakiwa imulike mfululizo mpaka ufa umalize kupita. Ni kitufe kimoja, na alikwisha kukibonyeza. Lakini nenda kawaeleze watu habari za ufa, wakati wameona kwa macho yao mtu hana miguu!

Luhaga alikuja taratibu, jembe mkononi. Alichechemea kidogo. Tangu msimu wa pamba magoti yake yalikuwa yakigoma, na aliyejua ni Milembe peke yake, kwa kuwa alimkuta siku moja akiinuka kitandani kwa kushika ukuta.

"Milembe. Nani kakwambia uitangaze miguu yangu?"

"Sijatangaza kitu, Baba! Ni kitufe, nilisahau. Ni hilo domo la Magese..."

"Mimi nina domo, wewe una mashine ya kukata watu," Magese akadakia.

"Baba, rudi ucheze. Sasa utatoka mzima."

"Yaya, sitaki! Siingii tena kwenye moto wako."

"Basi kaa! Kaa hapo na manyoya yako, wajukuu waje wasimuliwe kwamba babu yao alikuwa shimo!"

Wanawake wakashika midomo. Mtoto hamwambii baba hivyo, sembuse mbele ya Bagika. Luhaga hakuinua mkono. Alikita mpini wa jembe chini, akawageukia wapiga ngoma.

"Kundini kwetu, anayeleta dawa mpya uwanjani, nani anailamba kwanza?"

"Mwenyewe!"

"Haya. Nipe hiyo kamera. Simama pale."

Milembe akasimama alipokuwa amesimama baba yake, taya zimekaza. Mzee akaelekeza, akabonyeza. Mwanga ukampiga binti usoni.

"Lamba!" Luhaga akasema. Akabonyeza tena. "Lamba!" Akabonyeza na kubonyeza, kama mtu anayepalilia shamba lenye magugu sugu, na watu wakaitikia kila mwanga, "Lamba!"

"Unamaliza betri, Baba!"

"Lamba!"

Machozi ya hasira yalikuwa yakimtiririka Milembe, asiyafute. Mwishowe Luhaga alikitazama kioo kwa muda mrefu.

"Miguu ipo," alisema polepole. Akamsukumia kamera kifuani. "Pigeni ngoma."

Ngoma zikalipuka. Milembe akakimbilia nafasi yake, akatazama flashi: taa nyekundu. Kwa spidi ile flashi hufyonza betri vibaya, na baba yake alikuwa ameikamua yote. Taa ya kijani haikuja. Akatukana kwa Kisukuma, akaifungulia kamera ile jua.

Luhaga akazunguka, akazunguka tena, akalirusha jembe.

Manju halitazami jembe. Analirusha, analipa mgongo, ananyoosha mkono lije lenyewe. Anayelikodolea macho ni mwanafunzi, na Luhaga alikwisha kuwafukuza vijana wengi kundini kwa kosa hilo. Lakini sasa magoti yaligoma, na mzee akainua uso. Alilitafuta jembe angani kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Jua likaingia chini ya manyoya, likamwagika juu ya paji, mashavu, mdomo ulioachama, kila kunyanzi. Uso wote, bila flashi ya mtu.

Upande wa Bagika mtu mmoja akaanza kuzomea.

Jembe lilikuwa bado linazunguka juu. Kidole cha Milembe kilikuwa juu ya kitufe cha kupigia: uso alioutaka ndio huo, na aibu ya baba yake ndiyo hiyo.