Joto Chini ya Mche

"Mti wako una kiburi," msimamizi alikuwa akinitania. "Yote inakauka, wako tu ndio kijani!"

Mimi ni mpanda miti wa dampo lililofungwa, na najua fika kwamba pale juu mti haukai. Chini ni taka zinazooza, juu yake udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa katapila mpaka ukawa kama sakafu. Mizizi inakosa hewa, inakutana na gesi, inakufa. Wangu nao ulikufa kama wenzake. Kila ukikauka nilikuwa naung'oa asubuhi na mapema na kutia mwingine kutoka kitaluni, kimo kilekile.

Sababu ni mama mkwe. Mume wangu aliokota chupa kwenye dampo lile tangu ujana, mpaka mlima wa taka ulipoporomoka ukamfunika. Walimtafuta, wakachoka, wakamwaga udongo, basi. Mama hakulia. "Nitamliliaje mtu nisiyemzika?" Kila jioni alimwekea mwanawe sahani mezani. Nilipopanda mche pale alipofukiwa, ukachipua, ndipo alipolia, tena kwa sauti, na sahani ikarudi kabatini. Halafu nimwambie mche umekauka? Thubutu!

Kila Jumapili alikuja kuumwagilia. "Mvivu huyu, hata kukua hataki," alisema akiupapasa. Nilicheka naye, roho juu juu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho Jumamosi. Nimeshang'oa ule mkavu, shimo liko wazi, nasikia kikohozi nyuma yangu. Mama, na ndoo yake. Aliutazama mche mkavu, akautazama mbichi mkononi mwangu.

"Mama, nisamehe. Mti ulikufa zamani. Huku yote hufa."

Nilingoja matusi, ningeyapokea yote. Yeye alipiga magoti, akatia mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko. Uso ukambadilika.

"Mkwe, kuna joto!"

"Ni taka, mama. Zikioza zinachemka. Ndiyo maana mizizi inaungua."

"Maiti haina joto!" Akaanza kufukua kwa kucha, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni. "Mmemfunika mzima! Umesimama nini? Chimba!"

Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, vidole vikimtoka damu. Njia nzima nililia mimi, si yeye.

Jioni alifungua kabati, akatoa sahani, akaipangusa.

"Mpakulie ya kutosha," aliniambia. "Atarudi amechoka."