Besi za Clément

Daftari lile halikuwa na noti hata moja. Lilikuwa na mistari sita kila safu, na juu ya mistari hiyo herufi ndogo za wino, a, b, c, d, zikifuatana ukurasa baada ya ukurasa. Madame Hanssens, mke wa injinia mmoja wa Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, alilileta parokiani Kamalondo, mtaa wa Waafrika, Jumapili moja ya mwanzo wa mwaka 1953, akamkabidhi Godefroid Kabwe kwa mikono miwili.

"Baba yangu alilinakili kule Liège kabla ya vita ya kwanza," alimwambia kwa Kifaransa. "Ni muziki wa luti, ala ya nyuzi ya zamani sana. Yeye hakuwahi kuwa na luti, na mimi sina. Lakini nimekusikia ukipiga gitaa. Unadhani gitaa litaweza?"

Godefroid alikuwa karani wa mizigo stesheni, mwenye miaka thelathini na mmoja, na siku za ibada alipigia kwaya kinanda cha harmoniamu. Kusoma noti alifundishwa na mapadri. Gitaa alifundishwa na jirani yake, Clément Mwape, mtu wa tanuru za shaba, aliyemzidi kwa miaka kumi na ambaye hakujua kuandika kitu kingine zaidi ya jina lake. Kwa miaka minane wawili hao walikuwa wakipiga pamoja kwenye harusi na ubatizo. Clément alishika besi kwa dole gumba lake gumu, na Godefroid alizunguka juu kwenye nyuzi nyembamba. Watu wa Kamalondo walizoea kuwaita kwa pamoja, kama vile ni mtu mmoja.

Alichukua wiki tatu kulielewa daftari. Kila mstari ulikuwa uzi mmoja wa luti. Herufi a ilimaanisha uzi upigwe wazi, b ubanwe mahali pa kwanza pa shingo, c mahali pa pili. Chini ya mistari kulikuwa na herufi a nyingine zenye mikwaju, vistari vya mshazari, mmoja, miwili, mitatu, nazo zilikuwa besi za luti, zile nyuzi nene zinazopigwa wazi tu. Alipohesabu akakuta luti ile ilikuwa na safu kumi na moja za nyuzi. Gitaa lina sita.

Aligeuza herufi kuwa noti, akazipiga. Zilitoka zimekufa. Akampelekea Clément uani kwake, akampigia ukurasa wa kwanza, kisha akaweka gitaa chini.

"Iko kitu haiko sawa, yaya," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita, kaka mkubwa. "Noti ziko zote, lakini haziimbi."

Clément alimwomba arudie. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Unapiga sawa harmonium," alisema mwishowe. "Zote zinaingia mu mulango mara moya. Acha ziingie moya-moya. Ya chini itangulie, ingine ifwate, ile ya juu ikuye ya mwisho. Utaona."

Godefroid alijaribu. Muziki ulifunguka pale pale mikononi mwake, sauti zikakimbizana kutoka uzi hadi uzi, na Jeanne, mkewe, aliyekuwa amekuja kumwita chakula, akasimama mlangoni mpaka mwisho wa ukurasa.

Basi wakaifanya kazi ile wawili. Kwa sababu gitaa moja halikutosha, Godefroid aliuandika muziki kwa magitaa mawili. La kwanza lilikuwa jipya, ambalo Madame Hanssens alimwagizia kutoka Brussels, lenye nyuzi laini za nailoni, nalo lilibeba sauti za juu. La pili lilikuwa la Clément, la nyuzi za chuma, ambalo alililegeza nyuzi mbili za chini mpaka zikanguruma. Hakuwa na haja ya karatasi. Godefroid alimpigia sehemu yake mara moja au mbili kwenye harmoniamu, na Jumapili iliyofuata Clément alikuwa nayo kichwani, na mara nyingine alikuwa ameirekebisha. "Hapa yule muzee aliandika mbio," angesema, maana mtunzi asiyejulikana wa daftari lile walimwita muzee, "lakini mukono wake ulipumzika. Sikia." Na kweli, mkono ulipumzika.

Mwezi wa tano Madame Hanssens alikuja kuwasikiliza katika jumba la parokia. Walimpigia utangulizi, kisha dansi mbili, kisha sarabanda, dansi ya polepole ambayo besi zake zinashuka hatua kwa hatua kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Walipomaliza alikuwa ameshika leso yake kwa nguvu. Alimpa mkono Godefroid, akamwinamia Clément kidogo kichwa, akasema kwamba Chama cha Marafiki wa Muziki kitafanya tamasha mjini mwezi wa saba, na kwamba atazungumza na kamati.

Wiki mbili baadaye alimwita Godefroid nyumbani kwake. Walizungumza kwenye baraza.

"Kamati imekubali," alisema. "Lakini imekubali mtu mmoja. Ukumbi ni wa Wazungu, unajua. Wewe una kadi."

Ni kweli alikuwa nayo, ile kadi ya mérite civique, ya Mwafrika "mstaarabu", waliyopewa Waafrika wachache baada ya wakaguzi kupita nyumbani kwao na kutazama hadi vyombo vya jikoni. Clément hakuwa nayo wala hakuwahi kuiomba.

"Muziki huu tumeupanga kwa watu wawili, Madame."

"Lakini luti ilipigwa na mtu mmoja. Daftari la baba yangu ni la mtu mmoja." Alisubiri kidogo. "Huwezi?"

Baadaye Godefroid alijaribu mara nyingi kukumbuka alichukua muda gani kujibu. Angetaka uwe muda mrefu. Lakini alijua kwamba alijibu kabla mama yule hajarudisha kikombe mezani.

"Naweza," alisema.

Aliifanya kazi ya pili stesheni, saa za mapumziko, makarani wengine walipokwenda kula. Alilegeza uzi wa sita wa gitaa mpaka noti ya re, akapata besi moja zaidi. Zilizobaki chini ya hapo alizipandisha juu, zikagongana na wimbo, na zilipogongana ilibidi achague. Alifuta. Kila alipofuta alijua anafuta nini, maana zile besi hazikuwa tena mikwaju chini ya mistari. Alizisikia kwa dole gumba la Clément, na mahali pa kupumzika palikuwa pa Clément. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita alikuwa na kurasa saba safi za gitaa moja. Zilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimsumbua.

Hakumwambia Clément. Hata baada ya kuzimaliza, Jumapili tatu mfululizo alikwenda uani kwake kama kawaida, wakapiga magitaa mawili tangu mwanzo hadi mwisho. Clément alizidi kuwa mwangalifu. Alikata ukucha wa dole gumba, akausugua kwenye jiwe ili nyuzi za chuma zisilie kwa ukali mbele ya wageni wa tamasha.

Siku nne kabla ya tamasha, Jeanne aliweka sahani mezani, akabaki amesimama.

"Baba Edith," alisema, "leo ku soko nilikutana na bibi ya Clément. Anasema bwana yake alienda kwa mushoni kupima koti. Nyeusi."

Godefroid aliendelea kutazama sahani.

"Haukumwambia."

"Nilitafuta siku ya muzuri."

"Siku tatu za Yenga, siku za misa, ulikuwa naye, munakaa pamoja, munapiga." Jeanne hakupaza sauti. "Ile siku ya muzuri ilikuwa wapi?"

Aliinuka bila kula. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Alichukua gitaa la Brussels, kwa nini alilichukua yeye mwenyewe hakujua, akaenda uani kwa jirani yake. Clément alikuwa anaosha miguu kwenye beseni. Godefroid alimwambia yote akiwa wima, kamati, ukumbi, kadi, kurasa saba, na kwamba alijua tangu mwezi wa tano.

Clément alikausha mguu mmoja, kisha wa pili. Akavaa viatu.

"Tangu mwezi ya tano," alisema.

"Eh, yaya."

"Na ukanikalisha hapa, nikapiga."

Godefroid alihamisha gitaa mkono wa pili.

"Nipigie ile ya weye moya," Clément alisema.

"Yaya, hapana."

"Nasema piga."

Alipiga. Clément aliketi kwenye kigoda na mikono yake katikati ya magoti, akitazama ardhi. Sarabanda ilipofika pale ambapo besi inashuka ngazi ya mwisho, noti ambayo gitaa halina, Godefroid aliipiga juu, kama alivyoiandika.

"Simama pale," Clément alisema. "Ile ulipandisha."

"Haiko ku gitare. Ilikuwa ya kwako."

"Najua ilikuwa ya nani. Usipandishe. Ya chini haiwezi kuwa ya juu, itasema bongo, itadanganya. Kama hauna, acha pale bule. Ngoja wakati yake ipite, halafu uendelee."

Godefroid aliirudia hivyo, akaacha pale patupu, akahesabu kimya, akaendelea. Ilikuwa kweli kabisa. Aliinua macho apate kusema kitu, lakini Clément alikuwa ameshasimama na kumwaga maji ya beseni kwenye mchanga.

"Sasa iko sawa," alisema. "Rudi kwako."

Tamasha lilikuwa saa kumi alasiri, siku ya Jumapili. Kulikuwa na mwimbaji, piano na fidla, kisha Godefroid. Mlangoni mtu alitazama kadi yake pande zote mbili, akatazama uso wake, akamwelekeza apitie nyuma. Alipoketi jukwaani aliona safu za nguo nyeupe na vipepeo vya mkononi vikienda na kurudi. Alianza. Alipiga vizuri, kwa haki ya Mungu alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Vipepeo vilisimama kimoja kimoja. Katika sarabanda alifika kwenye ngazi ya mwisho, akaacha patupu, na ukumbi mzima ukaacha kukohoa. Ni yeye peke yake humo ndani aliyesikia noti iliyokuwa ikikaa pale.

Walimpigia makofi marefu. Baadaye, karibu na pazia, mzee mmoja wa mahakama alimwuliza nani amemfundisha. Godefroid alifungua mdomo, lakini Madame Hanssens, uso umemng'aa kwa furaha, alitangulia.

"Hakuna," alisema. "Yeye na daftari la baba yangu tu. Peke yake."

Mzee alitikisa kichwa kwa mshangao, akamtazama Godefroid kama anayesubiri. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Godefroid alitabasamu, akasema, "Asante, Bwana."

Hilo ndilo ambalo hakuweza kumwambia Jeanne alipofika nyumbani. Alimwambia habari za makofi tu.

Clément hakumtukana wala hakumsema vibaya kwa watu. Walisalimiana njiani kila siku. Lakini Jumapili uani kwake mlango ulikuwa umefungwa, na harusi ya kwanza iliyokuja, wenye harusi walipomwomba, aliwaambia dole gumba linamuuma. Kabla ya Noeli alihama na familia yake, akaenda kujenga Naviundu, kando ya mto, karibu na shemeji yake anayelima mboga. Siku ya kuhama Godefroid alikwenda kusaidia kubeba vitanda. Clément alimshukuru kama unavyomshukuru mpita njia.

Mwaka uliofuata Madame Hanssens alijiandaa kurudi Ubelgiji na mumewe. Alitaka kuondoka na kazi ile iandikwe vizuri, huenda akapata mtu wa kuichapa. Godefroid alikaa wiki mbili akinakili, si zile kurasa saba tu, bali na zile za magitaa mawili, pamoja na kila mapumziko ya Clément, akizikumbuka noti kwa noti. Ukurasa wa kwanza aliandika: Imepangwa kwa gitaa na Clément Mwape na Godefroid Kabwe.

"Huyu Mwape ni nani?" Madame aliuliza.

"Ni yule mwenye gitaa la pili, Madame. Ulimwona parokiani. Bila yeye nisingeelewa hata ukurasa mmoja. Siku ile ya tamasha nilipaswa kusema, nikanyamaza."

Alitazama jina, na wekundu ukampanda shingoni.

"Sikuwahi kumwuliza jina lake," alisema.

Nakala ya pili Godefroid aliifunga kwa gazeti, akapanda baiskeli hadi Naviundu, Jumamosi asubuhi. Alimkuta Clément anapanga matofali ya ukuta. Mke wa Clément aliwaletea viti na maji. Clément alinawa, akafungua gazeti, akasogeza kidole chake juu ya ukurasa mpaka kikasimama.

"Hii iko jina yangu."

"Eh, yaya. Na ndani besi zako ziko zote."

Clément alifunua kurasa zilizojaa noti asizoweza kusoma. Alifunua zote, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Ni kazi muzuri," alisema. "Lakini miye nilitaka kuipiga. Sikutaka kuiandikiwa."

"Tunaweza kuipiga. Hata leo."

Gitaa lake lilikuwa pale ndani, likionekana mlangoni, limeegemezwa ukutani, nyuzi zimelegezwa zote. Clément hakugeuka kulitazama. Alikunja kurasa zile ndani ya gazeti lao, akaziingiza nyumbani, akarudi mikono mitupu. Aliuliza habari za Edith, kama ameshaanza shule. Godefroid alimwambia ameanza. Waliongea juu ya mvua, juu ya mtu wa tanuru aliyeungua mkono, juu ya bei ya saruji. Kisha Clément alishika mwiko wake.

"Unisalimie Jeanne," alisema, akachota udongo, na Godefroid akatoa baiskeli barabarani.