Sauti Isiyo na Salamu

Wilaya yetu imeendelea. Siku hizi bahari ikitaka kupanda hutangazwa kwanza WhatsApp, kwenye grupo lenye picha ya kasa wa kisiwa cha Vamizi. Lilifunguliwa na Sadique, bwana wa ofisi ya wilaya aliyepewa kazi ya mabadiliko ya tabianchi. Alikuja kijijini na bango, akatupiga picha tukiwa tumeinua simu juu, akasema kuanzia sasa hakuna atakayeshtukizwa na maji.

Nilifurahi kweli. Nina shamba moja tu la mpunga, chini bondeni, karibu na mkono wa bahari. Bamvua kubwa likikutana na upepo, maji ya chumvi huruka tuta. Mpunga ulikuwa umeshainamisha vichwa, na ndicho chakula cha wanangu mpaka mavuno mengine. Nilichotaka kwa serikali ni neno moja tu: kateni.

Neno lilikuja. Sadique alituma sauti, na kwa kuwa amelelewa vizuri, alianza na asalamu alaykum, akamsalimu mkuu wa wilaya, Bwana Administrador, akamsalimu sheikh, akawashukuru wafadhili, akaeleza maana ya mudanças climáticas, yaani hayo mabadiliko ya tabianchi. Sisi nasi tuna adabu. Salamu ni wajibu kuijibu, basi kijiji kizima kikajibu, mmoja mmoja, wengine na maua, kisha tukaombeana dua. Nami nilijibu, nikaweka na waridi, nikazima simu kuokoa megas za intaneti, nikaenda kupika samaki.

Kesho yake nilisimama shambani maji yakinifika magotini. Niliyaonja, ingawa nilishajua. Ndipo nikaisikiliza ile sauti mpaka mwisho. Baada ya shukrani zote, Sadique alisema kwa upole: "Wenye mpunga bondeni, wakate leo." Nililia kwa hasira. Bahari sikuilaumu, haimo kwenye grupo.

Sadique alikuja kupiga picha. Nikatokea kwenye ukurasa wa wilaya, chini yangu pameandikwa kwamba serikali iko pamoja na mkulima. Watu wengi walipenda.

Bamvua lililofuata lilikuwa zamu ya mashamba ya juu. Sauti ya Sadique ilipoingia niliisikiliza yote, hata wafadhili. Kisha nikarekodi yangu: "Maji yanakuja kesho. Kateni mpunga sasa hivi."

Grupo likachafuka. Hata salamu hakuna? Kila mtu aliisikiliza, na asiye na simu alisikilizishwa, ili wote wahakikishe nilivyokosa adabu. Sadique akanitoa kwenye grupo, kwa maneno ya heshima kabisa.

Kesho yake jioni, maji yakiwa yameshapanda mpaka mashamba ya juu, Bibi Mwanvua, jirani yangu, alipiga hodi. Alinisalimu, akaulizia wanangu mmoja mmoja, akangoja nijibu yote.

"Zuleica, mwanangu," akasema, "watu wazima hawasemezwi vile. Hata salamu ikushinde?"

"Nsamehe, bibi."

"Hilo tu lililonileta."

Halafu akashusha kutoka kichwani kikapu cha mpunga uliokatwa jana, bado una majani mabichi, akakiweka kizingitini kwangu na kuondoka. Kwa hiyo wanangu mwaka huu wanakula. Wanakula mpunga wa watu niliowakosea adabu.