Kiputo cha Dada

Mchoraji katuni aliyebandikwa jina la Bi Kifutio hakumiliki kifutio hata kimoja. "Mstari ukipinda, chora mwingine," alisema, basi. Michoro yake ilichekesha wasomaji wa gazeti wiki nzima. Jumamosi alifungua chumba cha nyuma cha gereji, akagawa migongo ya kalenda zilizopitwa na wakati, akamfundisha bure yeyote aliyeingia. Kurasa zilizokamilika alizitundika kwenye uzio, wapita njia wasome.

"Mie hata duara langu lina kona," mchomeleaji alilalamika.

"Mchore shemeji yako basi. Si ulisema ana kichwa cha sanduku?"

Chumba kikaangua kicheko. Mchomeleaji akachora.

Msusi peke yake hakucheka. Alikuwa anachora ugomvi wake na dada yake, siku dada alipoiuza cherehani ya marehemu mama yao. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Alitaka ukurasa utundikwe, dada apite, roho imuume. Alichotaka zaidi, ingawa afadhali angeuma ulimi kuliko kukitamka, ni dada arudi kunywa chai kwake.

Bi Kifutio aliuinua ukurasa kwenye mwanga. "Lo, mikono hii! Mimi mwenyewe sijawahi kuchora mkono wenye hasira namna hii." Kisha akamgusa dada wa mchoroni, aliyebanwa pembeni, mdomo wazi. "Na huyu anasema nini?"

"Nafasi imeisha, mwalimu. Viputo vyangu vya maneno vimejaa."

"Ndiyo maana tunapanga maneno kwanza, watu baadaye. Kila mwenye mdomo apate pake."

"Basi nitambunia kidogo."

"Ukimbunia, ni wewe tena unaongea. Kamuulize."

"Lakini hatusemezani!"

"Nani kasema mseme? Mpe penseli."

Msusi akachora upya kila kitu, akaacha kiputo kimoja kikubwa, kitupu. Kesho yake akabisha hodi kwa dada yake, akanyoosha karatasi na penseli bila neno.

Dada aliitazama mpaka msusi akatamani kukimbia.

"Pua hii ndiyo yangu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Hii si pua, mdogo wangu. Hili birika."

Akaketi kizingitini, akaandika. Kwamba cherehani ilikaa chumbani kwake yeye. Kwamba kila asubuhi alikiona kile kikanyagio bila miguu ya mama, akashindwa kuamka. Maneno yakajaza kiputo, yakamwagika hadi ukingoni.

"Hapatoshi," alisema.

"Kwa mwalimu karatasi zipo," msusi akajibu.

Jumamosi dada aliingia gereji, ukurasa ule mkononi. Bi Kifutio alisogeza benchi, akampa mgongo wa kalenda.

"Naomba kifutio," dada alisema, "nipunguze hili birika."

"Humu hatufuti!" darasa zima likajibu. "Chora nyingine!"

Akachora pua nyingine, ndogo, nzuri. Kisha akamchora msusi kando yake, na pua kubwa kama ndoo.