Aliyevuta Mnyororo

Msusi mmoja walimwita Dada Treni tangu utotoni, kwa kuwa alizaliwa ndani ya treni, safarini. Kikundi chao cha wasusi kilipopanga ziara ya makumbusho, yeye ndiye aliyetangulia kupanda basi, mdogo wake akimfuata kwa miayo.

Kwanza walizunguka nyumba ya historia ya mji: vyungu, mizani, kiti cha kinyozi wa zamani. Wenzake waling'ang'ania vitana vya mbao. Dada Treni alisimama mlangoni, roho iko kwenye reli.

Makumbusho ya reli yalikuwa karakana kuukuu inayonuka grisi. Ndani lilisimama behewa la daraja la tatu, mabenchi ya mbao yakitazamana. Dada Treni aliingia, akapapasa benchi, akainama kuchungulia uvunguni. Pamebana kweli! Mtu atajifungulia wapi hapa?

"Dada, utachafua nguo," mdogo wake alimwonya.

"Mnyororo wa kusimamisha treni uko wapi?" Dada Treni alimuuliza mwongozaji.

Mwongozaji alionyesha juu, karibu na dari. Ndugu wawili wakatazamana. Maisha yake yote, marehemu baba yao alisimulia jinsi alivyouvuta siku Dada Treni alipozaliwa, bila kuinuka, mkono mmoja kamshika mama. Na baba alikuwa mfupi hasa.

"Labda mikono yake ilirefuka siku hiyo," mdogo alisema, usingizi umemruka.

Mdogo huyo akaketi benchini, akanyoosha mkono. Wapi! Akasimama kwa ncha za vidole. Bado. Wasusi wakajazana mlangoni, kila mmoja na ushauri wake. Dada Treni akashindwa kuvumilia, akampigia mama simu, akaweka sauti ya juu.

"Mama, nani alivuta mnyororo?"

"Kwani mko wapi?"

"Ndani ya behewa. Tunauona."

Mama akaguna, kisha akacheka. "Mimi. Nilipanda juu ya benchi na uchungu wangu. Baba yenu alikuwa ameanguka puu, kazimia! Alipozinduka wewe unalia, abiria wanampongeza. Ningemwaibisha?"

Behewa zima likaangua kicheko. Dada Treni alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwonea baba huruma. Akaomba ruhusa, akavua viatu, akapanda juu ya benchi. Mnyororo ulikuwa wa baridi, mzito kuliko alivyodhani.

"Umeushika?" mama aliuliza simuni. "Vuta kwa nguvu, mwanangu. Mgumu huo!"